Uwanja wa Holo

Chai ilikuwa haijachemka, lakini Nyanzobe alikwishajua kwamba Holo yuko hewani. Jua lilikuwa bado, na anga juu ya ziwa lilikuwa jekundu tayari.

Vimulimuli vilikuwa vimetanda kutoka gatini hadi kwenye mlango wa mto. Ni taa ndogo zinazoruka zenyewe, kila moja imebeba sauti za watu kadhaa wa wilaya, na zina rangi mbili tu: nyekundu za Wagika, nyeupe za Wagalu. Nyanzobe alizitafuta nyeupe zake. Zilikuwepo, juu ya paa la ghala la pamba, zimejikunyata kama kuku walionyeshewa.

"Mayu, chai inamwagika," alisema Kabula, binti yake.

"Iache imwagike. Kwani nimeipika mimi kwa ajili ya kunywa?"

Kabula aliepua sufuria. Alikuwa mwanamke mzima, mwendesha mitambo wa bomba la maji la Mwalida, na alikwishajifunza kwamba asubuhi kama hizi mama yake huongea na mtu asiyekuwepo.

Wageni wanaofika Mwalida hudhani vile vitaa ni vya sherehe. Si vya sherehe, ni serikali. Zamani Wasukuma walishindana kwa ngoma, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, muda uleule, na jaji hakuwepo. Aliyevuta watu wengi ndiye aliyeshinda, mwenzake akakunja ngozi za ngoma zake akaenda nyumbani kununa. Kisha ikaja mitandao. Watu wakapiga kelele humo kuhusu ziwa lao miaka nenda miaka rudi, wakabonyeza vidole vya kupenda mpaka vidole vyao wenyewe vikaota sugu, na hakuna kiongozi aliyegeuza shingo. Ndipo wilaya ilipopitisha mtandao uitwao Uwanja. Kila mtu mzima alipewa kipuli cha sikioni. Ukisikia wimbo wa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, ukaupenda, unabana kipuli, na hapo umesimama uwanjani kwake. Huwezi kusimama kwa wawili, kwa sababu mwili ni mmoja. Likija jambo la ardhi, la maji au la msitu, manju wanaliimba, na uwanja wenye zaidi ya nusu ya watu jua linapozama unakuwa sheria. Mkuu wa wilaya kazi yake ni kutia saini tu.

Na sheria hubeba jina la manju. Hicho ndicho kipengele kilichokuwa kikimtafuna Nyanzobe, manju wa Wagalu.

"Umeuona uwanja wa Holo lakini?" aliuliza.

"Nimeuona."

"Amevaa nyoka."

"Ni chatu, mayu. Watu wamempenda."

Nyanzobe aligusa kipuli chake bila kukibana, aangalie tu, na picha ikamjia mbele ya macho juu ya meza, katikati ya vikombe. Holo alikuwa amesimama ndani ya maji ya mlango wa mto, mafunjo yamemzidi kimo, chatu amelala mabegani mwake kama mtandio. Ana shingo ndefu yule mwanamke, na anajua. Sauti yake ilitoka ndani ya mafunjo bila kulazimishwa.

*Chujio la mama liko mlangoni mwa mto.*

Wagika wakaitikia wilaya nzima: *Msilitoboe!*

*Tusije tukanywa matope ya mashamba.*

*Msilitoboe!*

Nyanzobe alizima. Alikuwa na hasira, na haikuwa hasira ya bure. Wimbo ule ulikuwa wake. Aliutunga yeye, wakati ambapo hakuna mtu aliyejali mafunjo ya mlango wa mto, akaeleza jinsi mizizi yake inavyoshika tope na mbolea kabla havijafika ziwani. Aliuimba akiwa ameketi kitini, nyuma yake kuna michoro ya vipimo vya maji, na ubeti wa tatu ulikuwa na naitrojeni. Waliosimama uwanjani kwake walikuwa ndugu wa damu, na hata hao baadhi waliondoka kabla ya ubeti wa naitrojeni.

Aliyemwitikia siku ile alikuwa Holo. Wakati huo Holo alikuwa Mgalu, mwitikiaji wake, Nyanzobe amemwokota akiwa hajui hata kupanga pumzi. Akamfundisha. Akamlisha. Kisha Holo akaolewa upande wa pili, na kama ilivyo desturi akahamia Wagika na sauti yake yote. Leo chujio la Nyanzobe lilikuwa limevaa chatu, na karibu nusu ya wilaya ilikuwa imesimama kulitazama.

"Ni mwizi," alisema.

"Inawezekana," Kabula alisema, akivaa viatu vya mpira vya kazini. "Lakini bado hajafika nusu. Na mashine za mradi wa mpunga zimeshapangwa ukingoni. Asipovuka nusu leo, kibali cha kufyeka mafunjo kinaanza kazi kesho. Unajua."

"Najua. Mimi ndiye niliyewaambia watu habari za mafunjo."

"Mayu, mimi sina mtambo mwingine wa kuchuja pale. Mafunjo yakiondoka, mto unatapika moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba letu. Ule ukijani utarudi."

Ukijani ulipokuja masika yaliyopita, baada ya kipande kimoja tu cha mafunjo kufyekwa kwa majaribio, ziwa liliganda utando kama uji uliolala. Ndama walikunywa wakalala pembezoni miguu juu. Kabula, aliyekuwa akiyaonja maji kabla ya kuufungulia mji, alilazwa wodini macho ya manjano, ini limevimba, na Nyanzobe alikaa kando ya kitanda chake akimpigia Mungu kelele. Mji ulikunywa maji ya kuletwa na malori mpaka mvua zilipokoma.

Kabula alisimama mlangoni. "Wagalu wanakusubiri ghalani. Watakuambia uimbe wa kumpinga. Mimi sikuambii kitu, wewe ndiye mzazi."

"Umekwishaniambia."

*

Ghala la pamba lilikuwa limejaa. Wagalu walikuja na majembe yao ya kuchezea, wameyang'arisha, na ngoma kubwa zilikuwa zimeegeshwa juani ngozi zipate kukaza. Nyanzobe alipoingia walimpigia vigelegele. Alivipokea kwa kinyongo. Alivipima kwa sikio, akavilinganisha na vya Wagika kule nje, akaviona vichache.

Jambo moja lazima lisemwe kuhusu Wagalu: hakuna hata mmoja pale ghalani aliyechukia mafunjo. Wengi walikuwa na watoto walioumwa ule ukijani. Lakini Wagika wakisema leo ni siku, Wagalu watawasha taa. Walirithi hivyo kwa babu zao, na waliotunga sheria ya Uwanja, watu wa makabila yote na shahada zao, hawakuliwazia hilo.

Kuna na jambo jingine ambalo hawakuliwazia. Luhende alikuwa amelishika mkononi.

Luhende alikuwa fundi wa samba wa Wagalu. Samba ni dawa ya mvuto. Tangu ngoma ianze, kila kundi lilikuwa na mtu wa kuchanganya dawa ya kuvuta watazamaji, mizizi hii na mafuta yale, na sheria za Uwanja ziliposomwa hadharani hakuna aliyefikiria kuipiga marufuku, kwa maana Msukuma gani amewahi kuona ngoma isiyo na samba? Luhende, ambaye alisomea mitambo ya sauti na akarudi nyumbani na suruali za kubana, aliipika samba yake kwenye kompyuta.

"Manju, mwadila," alisalimia kwa heshima. "Kazi imekwisha. Sikiliza jinsi inavyofanya. Wewe unaimba wimbo wako mmoja. Samba inaingia kwenye kila kipuli, inasikiliza moyo wa mwenye sikio unavyodunda, na inamletea wimbo kwa sauti ya yule mtu anayemkumbuka kuliko wote. Aliyefiwa na mama ataimbiwa na mama. Aliyeachwa na mume ataimbiwa na mume. Nani atabaki kwa Holo hapo? Labda yule chatu."

Ghala likacheka. Nyanzobe hakucheka. Ndani ya kifua chake kuna kitu kilinyanyuka kama mbwa aliyesikia mfupa unavunjwa.

"Watavuka wote?" aliuliza.

"Nusu unaipita kabla ya saa kumi jioni. Sheria ya Nyanzobe. Uwanja utatangaza jina lako kwenye kila bomba la wilaya."

Sheria ya Nyanzobe. Alilirudia kimoyomoyo, na lilikuwa tamu. Miaka yote amekuwa Nyanzobe wa ubeti wa naitrojeni. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Leo angekula yeye, na Holo angekunja nyoka wake akaenda nyumbani.

"Na wimbo wenyewe unasemaje?"

Luhende alikuna shingo. "Lazima upinge, manju, si ndiyo? Useme mpunga ni chakula, mafunjo ni majani. Ukiimba kama yeye, utakuwa mwitikiaji wake."

Neno lile lilimchoma pale pale lilipokusudiwa. Mwitikiaji wa Holo! Afadhali ameze jembe.

"Na nikikaa kimya?"

"Ukikaa kimya na watu wako wakabaki hapa hapa, Holo hafiki nusu. Kibali kinaanza kesho. Hujafanya kitu, na umeshinda." Luhende alitabasamu. "Ila uwe mwangalifu na jambo moja tu. Uwanja wako usibaki mtupu. Manju akikutwa na uwanja mtupu jua likizama, anavuliwa. Kipuli chako kinakuwa cha mtu wa kawaida, na hakuna kurudi. Unalijua hilo."

Alilijua. Hakuwahi kulifikiria, kama vile mtu asivyofikiria kuuza miguu yake.

"Niletee hiyo samba niisikie kwanza," alisema. "Siwezi kuwapa watu chakula nisichokionja."

*

Walimpisha chumba cha nyuma, penye magunia matupu na harufu ya mafuta ya mbegu za pamba. Luhende aligusa kioo chake, akamwambia aimbe mstari wowote halafu atulie.

Nyanzobe alichagua wa zamani, kwa ubishi. "*Chujio la mama liko mlangoni mwa mto*," aliimba, sauti imekauka, halafu akatulia akimngoja marehemu mama yake. Alikuwa na hakika atakuwa mama. Alikwishajiandaa kulia.

Sauti ikaja sikioni.

*Msilitoboe*, iliitikia, taratibu, ikichelewa kidogo mwishoni kama mtu asiyejua bado kupanga pumzi. Ilikuwa changa. Ilikuwa ya msichana aliyekaa mkekani kwake akila viazi vyake, akimkatiza kila mara kuuliza, mayu, na hapa nivute?

Ilikuwa ya Holo.

Nyanzobe alikivua kipuli kwa nguvu hata sikio likauma. "Imeharibika hii!"

"Haijaharibika," Luhende alisema, akitazama kioo. "Moyo wako umeruka vizuri kabisa. Nani amekuja? Mama?"

"Haikuhusu."

Alikaa juu ya magunia. Alikuwa na hasira ya kutosha kuchoma ghala. Kwa hiyo hata huko ndani, mahali ambapo mtu huweka maiti wake na wapenzi wake, yule mwizi wa shingo ndefu alikwishaingia akakaa. Alimwonea wivu kwa chatu, kwa vimulimuli, kwa mume, kwa sauti. Na sasa ikawa lazima amwonee wivu hata yule msichana wa zamani, kwa kuwa yule alikuwa wake peke yake na hayupo tena. Wivu ni kidonda, nacho kilikuwa kimefika mfupani.

Alimfikiria Holo akizeeka na jina lake kwenye mabomba. Akamfikiria Kabula, kikombe mkononi, akiyaonja maji kabla ya mji. Vitu viwili hivyo alivipima, na aibu yake ni kwamba havikutofautiana uzito haraka kama inavyompasa mama.

Nje ngoma zilianza kugongwa kumwita. Dirishani, jekundu la Wagika lilikuwa limesimama pale pale tangu mchana, limekwama chini ya nusu. Wagika wote walikwishasimama. Ukiwaacha wale wasiosimama popote, waliobaki walikuwa wake.

"Luhende, zima samba yako."

"Manju?"

"Zima. Wimbo huu nitauimba kwa koo langu mwenyewe. Nataka kila mtu ajue ni mimi niliyetukana."

*

Hakukaa kitini safari hii. Alichukua jembe, akapanda juu ya marobota ya pamba, akalirusha juu likazunguka, akalidaka kwa mpini. Wagalu wakapiga mayowe, na vimulimuli vyeupe vikashuka kuja kumpokea. Wilaya nzima ilimwona.

"Holo!" aliita. "Holo wa shingo ndefu! Unanisikia huko majini?"

Wagalu: "Anasikia!"

"Umevaa nyoka, nguo umeniibia mimi! Chujio nililisuka mimi, wewe umechota nalo! Ulipokuwa hujui kuvuta pumzi nilikuvutia mimi! Leo unasimama kwenye wimbo wangu, unaota jua, unajiita manju!"

Ghala lilikuwa linatikisika. Yalikuwa matusi mazuri, ya kiufundi, na Wagalu walikuwa wameyangoja kwa muda mrefu. Luhende mwenyewe alisahau suruali yake akaruka.

Nyanzobe aliwangoja watulie. Alijua kinachofuata, na alikuwa bado hajakitaka.

"Wagalu! Mtu akiiba nyumba yako, unafanyaje? Unakaa nje unamtazama?"

"Hapana!"

"Unaingia! Unakaa ndani! Uwanja ule ni wa wimbo wangu. Basi ingieni, mkausimamie. Jazeni! Wote! Asipate hata pa kugeuza nyoka wake. Nani ataona haya kusimama kwenye nyumba ya manju wake? Baneni!"

Ulikuwa uongo kidogo na ukweli kidogo, na Wagalu si wajinga, walikwishaona mlango ulikofichwa. Lakini ulikuwa mlango ambao mtu anaweza kuupita bila kuinamisha kichwa. Mama mmoja wa mbele, ambaye mwanawe alilazwa wodi moja na Kabula, alibana kipuli chake kwanza. "Naenda kumtoa mwizi!" alipaza sauti, na watu wakacheka, na wakabana.

Nje, vyeupe viliinuka kutoka paani kimoja kimoja, kisha kwa mafungu, vikavuka juu ya maji kuelekea kwenye mafunjo. Vilipofika vilibadilika rangi. Nyanzobe aliviangalia vyote. Kila kimoja kilikuwa kitu alichokikusanya kwa jasho, na kila kimoja kilimuuma kilipogeuka chekundu.

"Manju, bakiza hata mmoja," Luhende alimwomba, sauti imemwishia. "Mimi hapa, sijabana. Nikibaki, hutavuliwa."

Nyanzobe alitazama kioo cha Luhende. Jekundu lilikuwa limegusa nusu kamili, limetulia hapo. Sheria ilitaka zaidi ya nusu.

"Bana, mwanangu."

"Mayu..."

"Bana kabla sijabadili mawazo. Unadhani hapa nilipo nimesimama vizuri?"

Luhende alibana. Jua lilizama. Ziwa zima, kutoka gatini hadi mlango wa mto, lilikuwa jekundu, na juu ya ghala la pamba hapakuwa na kitu isipokuwa popo. Kipuli cha Nyanzobe kilitoa mlio mwembamba, kikapoa sikioni.

*

Holo alikuja mwenyewe, kwa miguu, nywele bado zina maji, chatu amemwacha alikomwacha. Alipiga magoti uani kwa Nyanzobe kama anavyosalimia mtoto.

"Mayu, umenitukana mbele ya wilaya nzima."

"Na bado."

"Wimbo ni wako. Nitawaandikia wilayani waibadili, iwe Sheria ya Nyanzobe."

Moyo wa Nyanzobe uliruka, wala hakuna haja ya kumsingizia kwamba haukuruka. Alimtazama yule mwanamke, shingo ile, matope magotini. Akataka kusema ndiyo hata ulimi ukamwasha.

"Wakibadili jina, inabidi iimbwe upya," alisema hatimaye. "Na mashine ziko ukingoni. Wacha. Ondoka, mafua yatakushika."

"Basi njoo tuimbe pamoja. Wewe uanze, mimi niitikie, kama zamani."

"Nimevuliwa. Huoni? Na wewe huna tena pumzi ya kuitikia, umezoea kuanza." Alimgeuzia mgongo, akaingia ndani, akarudi na shuka kavu, akamrushia bila kumwangalia. "Hiyo urudishe."

Mashine za mradi zilipandishwa kwenye malori zikaondoka. Mvua zilikuja, mto ukashuka mwekundu kwa udongo, ukaingia kwenye mafunjo na kutokea upande wa pili ukiwa umetulia. Ukijani haukuonekana. Kabula alionja maji kila asubuhi, akaufungulia mji, akarudi nyumbani ana njaa.

Kila bomba la wilaya liliwekewa sauti. Ukifungua tu, kabla maji hayajatoka, inasema: maji haya yanalindwa na Sheria ya Holo. Kisha Holo anaimba mstari mmoja, na inaachwa nafasi, kama desturi inavyotaka, ili mchotaji aitikie. Nyanzobe alijaribu bomba la sokoni, la msikitini, la zahanati. Ilikuwa sauti ileile. Alijaribu kukinga huku ameziba masikio, lakini mtu ana mikono miwili tu, na ndoo ina mshikio.

Asubuhi moja alikwenda bomba la mwisho wa mtaa, mapema, hakuna mtu. Akafungua.

*Chujio la mama liko mlangoni mwa mto*, Holo aliimba.

Halafu nafasi.

Maji yalitoka, meupe na baridi. Aliyakinga kwa kiganja akanywa, na yalikuwa matamu, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Mtaa ulikuwa umelala.

"*Msilitoboe*," aliitikia kwa sauti ya chini, akiivuta pale mwishoni panapotakiwa kuvutwa, kisha akasonya, akajitwika ndoo, akaenda zake.